Pazia la Chumba cha Mgeni

Katika mtaa ule wa vitambaa hakuna mtu aliyewahi kulipa bei ya kwanza. Kwa hiyo mwenye duka alipomwona mwanamke mmoja anafungua pochi mara tu baada ya kutajiwa bei, alipigwa na butwaa hata akasahau kukunja kitambaa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watu walijaa hadi barazani, majora ya kila rangi yameegemezwa ukutani, na kila mmoja anapigania chake kwa mdomo. Mwanamke mwenyewe alikuwa amevaa gauni jepesi la kijani lililomkaa barabara, ila miguuni alikuwa na buti nzito za kazi, zile za kufungwa kamba hadi juu ya kifundo.

"Bibie," sauti ikasema nyuma yake, "hiyo uliyotajiwa si bei. Ni salamu."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukosi wa shati, na kipande cha uzi mweupe kimeng'ang'ania ndevu zake bila yeye kujua.

"Sasa nifanye nini?"

"Uitikie salamu. Taja nusu yake, kisha jifanye unaondoka."

"Na akiniacha niende?"

"Hawezi. Mimi ndiye mteja wake mkubwa, na ukienda nitakufuata."

Mwenye duka akacheka, na bei ikashuka yenyewe. Mwanamume akashika kitambaa, akakipima uzito kwa vidole na kuuliza madirisha yana upana gani. Mwanamke akanyoosha mikono yake miwili. "Kama hivi. Na moja liko hivi."

"Samahani, wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa pampu za maji."

"Na mabomba unayapima hivyo hivyo, kwa kukumbatia hewa?"

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Basi njoo upime mwenyewe, bwana mjuaji."

Nyumbani kwao walimwita Mgeni. Jina lilianza kama utani wa mama yake, likaganda. Mgeni alifanya kazi na shirika linalopeleka maji kwenye kambi za wakimbizi, nchi za mbali. Alikaa huko miezi, mkataba ukiisha anarudi kwa majuma machache, kisha simu inaita tena. Majuma hayo ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa magumu. Huko kambini alilala kwa mngurumo wa jenereta. Hapa kimya kilimwamsha kabla ya jogoo. Alizima taa za watu wakiwa bado wanasoma. Aliogea maji ya kopo moja hali bomba linatiririka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama yake alisema, akampa spana. Basi alirekebisha bomba la jikoni, akahamia tangi la chooni, na majirani walipopata habari wakaanza kuja na mabomba yao mikononi kama wagonjwa wa zahanati.

Yule mwanamume, ambaye mjini wote walimwita Fundi Pazia, alifika Jumatatu. Alipima sebule, akapima chumba cha mama, akaingia cha mwisho. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa bila kunyanzi, kiti, na begi moja limesimama mlangoni. Ukutani hapakuwa na hata msumari.

"Hiki cha wageni nacho kinawekwa pazia?"

"Hiki ni changu," Mgeni akajibu.

Fundi aliinama akajifanya anatafuta pini iliyodondoka. Hakuna pini iliyodondoka, na Mgeni alimpenda kidogo kwa aibu ile.

Pazia la kwanza lilikuja baada ya siku chache. Moja tu. Alilitundika sebuleni, akanywa chai, akaongea na mama jikoni mpaka vikombe vikapoa, akaaga. La pili likaja juma lililofuata, nalo lilikuja peke yake.

"Fundi," mama akamwambia, "mbona unatuletea kama dozi?"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Sema unachokingoja."

Fundi akamtazama Mgeni, Mgeni akatazama dari. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Kuanzia hapo simu zikawa haziishi. Fundi alimpigia asubuhi kumwambia cherehani inanguruma. Mgeni akaenda dukani kwake, chumba chembamba chenye harufu ya chaki na vitambaa vipya, akafungua mota, akaisafisha, akaifunga. Kesho yake ikanguruma tena.

"Umeifanya nini?"

"Nimeshonea tu, mpenzi."

"Ala, tangu lini mimi ni mpenzi?"

"Tangu jana. Nilisahau kukuarifu."

"Basi leta barua rasmi, tutaijadili."

Jioni walitembea bila kwenda popote. Fundi alimfundisha kubishana bei upya, na Mgeni akashindwa kila mara kwa sababu alimwonea huruma muuzaji. Alimsimulia jinsi wanawake kambini wanavyopiga vigelegele maji yanapotoka mara ya kwanza, na sauti yake ilibadilika akisema hayo. Fundi aliisikia. Naye akamsimulia jinsi alivyoshona miaka kadhaa kwenye hoteli ya wageni, akaokota lugha yao humo humo kwenye kamba za mapazia. Mgeni alifurahi na aliogopa. Watu wawili kabla ya huyu walimpenda vizuri tu mpaka simu ya shirika ilipoita. Kila mmoja alimwambia achague, naye akachagua maji. Hakutaka kuchagua mara ya tatu, kwa sababu safari hii hakuwa na hakika angechagua nini.

Siku ya pazia la tatu, Mgeni alikuwa juu ya paa, mkono mmoja ndani ya tangi la maji. Simu yake ilikuwa mezani sebuleni. Fundi alikuwa juu ya ngazi chumbani kwa mama. Baada ya siku mbili Mgeni alipiga ofisini kuuliza kuhusu mkataba mpya aliokuwa ameahidiwa, wa kuchimba visima vitano sehemu aliyoipigania mwaka mzima.

"Nafasi ile amepewa mwenzako," karani akamwambia kwa uchangamfu. "Tuliarifiwa kwamba unaolewa na hutasafiri tena. Hongera sana."

"Nani aliwaarifu?"

"Mtu wa nyumbani kwenu. Tulipopiga juzi, simu ilipokelewa. Imeandikwa hapa tu: anaolewa, asisubiriwe."

Mgeni alikaa kitandani. Akapiga hesabu ya haraka, kama watu wenye hasira wanavyopiga. Simu ilikuwa sebuleni. Ofisini huongea lugha ile ile ya wageni wa hoteli, na mama haijui, kila mtu anajua hivyo. Aliyekuwa ndani, anayeijua, mwenye sababu ya kutaka asiondoke, alikuwa mmoja. Alimpigia.

"Fundi mwenzangu," akaitikia yule kwa furaha.

"Nani alikutuma unioe kwa simu?"

"Sijaelewa."

"Umewaambia watu wa kazini kwangu naolewa. Umenifungia mlango, halafu unanitundikia pazia juu yake."

"Mimi sijashika simu yako."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi, na pini mdomoni. Ungeniuliza kwanza, mpenzi, kabla ya kunihukumu."

"Usiniite mpenzi. Nyote mko hivyo hivyo. Mnapenda mtu akiwa amekaa."

Akakata. Fundi akapiga mara mbili, hakupokelewa, hakupiga tena. Alikuwa na kiburi chake pia, na mtu akikuita mwizi wa kitu ambacho kweli ulikuwa unakitamani, maneno huwa magumu kupatikana.

Juma lile lilikuwa refu. Mgeni alizibua bomba ambalo halikuziba. Alikula kidogo. Usiku alitazama dirisha lake, ambalo pekee lilikuwa bado tupu, na taa ya barabarani ikampiga machoni. Alimkumbuka kwa namna ya kijinga, akakumbuka hata ule uzi ndevuni, akajichukia kwa hilo.

Siku Mgeni alipokwenda kwa jirani, Fundi alikuja na pazia la mwisho. Alilitundika kimya, akasawazisha mikunjo yake mmoja mmoja. Mama akamkaribisha chai, akakataa. Akamuuliza kuna nini, akajibu, "Mama, bintiyo ananiona mwongo, na mimi siwezi kunywa chai kwenye nyumba ninamoonwa mwongo." Akachukua ngazi yake akaondoka.

Alasiri mama alimwita Mgeni uani wakunje shuka. Kila mmoja alishika ncha zake, wakavuta, wakakutana katikati, wakaachana.

"Yule kijana hakupokea simu yako," mama akasema.

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nilipokea mimi."

Mgeni akabaki ameshika ncha. "Kwa lugha gani?"

"Hiyo hiyo yao. Mnadhani shule nilipeleka viatu tu? Nilikusanya maneno niliyonayo: ndoa, mume, hapana. Wakanielewa kuliko mnavyonielewa nyinyi."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni alitaka kupaza sauti, lakini mama yake alikuwa anaendelea kukunja, kichwa ameinamisha.

"Kila ukiondoka nafua shuka zako, nazikunja, naziweka kabatini," mama akasema. "Unajua watu huzifanyia hivyo shuka za nani? Za marehemu. Na wewe uko hai, mwanangu. Nimechoka. Nilikosea, najua nilikosea, na kijana wa watu nikamtia matatani. Nisamehe, lakini usiniambie sina sababu."

Mgeni aliiachia shuka ikaanguka, akamkumbatia. Walilia wote wawili, kisha mama akamwambia aiokote shuka kabla haijachafuka.

Mgeni alikwenda dukani kwa Fundi bila kubadilisha nguo, na mashati ya kazi yana namna yake ya kumwonyesha mtu alivyo. Fundi alikuwa anashona pindo. Alimwona, akaendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akasimamisha cherehani.

"Alikuwa mama," Mgeni akasema. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Kaa."

"Nisamehe kwanza."

"Nitakusamehe nusu," Fundi akasema. "Nusu nyingine sistahili kuombwa. Simu sikupokea. Lakini nilipokuwa juu ya ile ngazi nilimsikia mama anaongea, nikaelewa anachosema, na nikafurahi. Nilikaa kimya. Nilijiambia hayanihusu, mtu asiingilie mambo ya mama na mwanawe. Ukweli ni kwamba nilitaka ubaki."

Mgeni akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya marundo ya vitambaa. Alitegemea kukasirika upya, lakini hasira haikuja. Wale wawili wa zamani hawakuwahi kumwambia ukweli unaowaharibia.

"Na sasa unataka nini?"

"Bado nataka ubaki. Sitakuficha. Lakini nimekusikia ukisimulia vile vigelegele."

"Wamenipigia leo," Mgeni akasema. "Kuna mkataba mwingine. Si ule niliopoteza, ila ni mzuri. Wanataka jibu kabla ofisi haijafungwa."

"Unataka kwenda?"

"Nataka. Na nakutaka wewe. Ndiyo shida yangu yote hiyo, nimekuletea ilivyo."

Nje mtu aliuliza kama duka liko wazi. Fundi akamwambia arudi kesho. Akaanza kukunja futi yake, akaikunja vibaya, akaanza upya.

"Basi wajibu," akasema. "Waambie ndiyo."

Mgeni akapiga simu. Aliongea kwa ile lugha ya kazi, sauti ya kikazi, akataja tarehe, akashukuru. Fundi alielewa kila neno, na hakujaribu kuficha kwamba yalimuuma. Mgeni alipokata simu, alikuwa analia.

"Miezi minane," akasema. "Umesikia."

"Nimesikia. Na ukirudi, utafikia wapi?"

Mgeni akaishusha simu pajani. Miaka yote hiyo, kila aliposhusha mzigo, watu walimuuliza anaondoka lini. Majirani, shangazi zake, hata wale wawili. Hakuna aliyemuuliza swali hili, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza, kwa sababu alidhani mtu wa safari hana haki ya jibu.

"Unauliza kama nani?" akasema, akifuta macho kwa kiganja.

"Kama mume, ukikubali. Niende kwa mama yako juma hili na wajomba zangu, mambo yamalizike kabla hujapanda ndege. Mchumba sijui nitamngojaje. Mke nitamngoja."

"Utanichoka."

"Labda. Nitakwambia siku hiyo hiyo, kama nilivyokwambia leo."

Mgeni akaangalia kile chumba chembamba, chaki sakafuni, mwanamume aliyesimama mbele yake akiwa bado na pini ukosini, hajui aweke wapi mikono.

"Hapa," akasema. "Nitafikia hapa."