Chumvi Katika Chungu cha Ibada

Kila asubuhi kabla ya shule, Tsehai alikuna nazi huku mama yake akikatakata mboga. Kwao, kwenye vilima vya Jamaika, chakula cha Marasta hakitiwi chumvi. Jah, yaani Mungu wao, anakaa ndani ya mtu, kwa hiyo mwili ni hekalu lake, na wanaamini chumvi hulichafua.

"Chakula cha wagonjwa hiki!" Shanoya, mwanafunzi mwenzake, alimcheka shuleni baada ya kuonja. "Hata paka wetu hali, shoga."

Maneno hayo yalimkaa Tsehai moyoni. Ilipofika sikukuu ya kutawazwa kwa Mfalme Selasie wa Ethiopia, ambaye Marasta humtukuza, mama alimwachia chungu cha chakula cha ibada kwa mara ya kwanza, akatoka kwenda kuchochea moto wa uwanjani. Tsehai alitamani kusifiwa. Akatia chumvi aliyoinunua dukani, akakoroga harakaharaka.

Mzee Hezron, anayepiga ngoma ya kuongoza zaburi, ndiye aliyepakuliwa kwanza. Alimeza kijiko kimoja, akasita. Kisha akaiondoa ngoma mapajani.

"Mikono hii haigusi ngoma leo," alisema polepole. "Nilimwahidi Jah tangu ujanani kwamba chumvi haitaingia mwilini mwangu. Nani katia chumvi?"

Macho yote yakamgeukia shangazi Ivet, mgeni kutoka mjini, ambaye si Rasta.

"Mnaniangalia nini? Jikoni kwenyewe sijatia mguu!" Shangazi akaufuata mkoba wake, machozi yakimlengalenga.

Tsehai angeweza kunyamaza.

"Shangazi, usiende. Ni mimi," alisema. "Nisamehe, babu."

Chungu kikamwagwa. Tsehai akamenya viazi vikuu upya, na shangazi akakaa kando yake kumsaidia. Huko uwanjani kijana mmoja alijaribu kuongoza zaburi, lakini ngoma ilikwenda ikichechemea, na kila ilipokosea Tsehai aliinamisha kichwa.

Chakula kilipoiva, alimpelekea mzee bakuli kwa mikono miwili.

"Asante, mjukuu wangu. Wape wenzio," mzee alisema kwa upole. "Mimi leo nafunga kujitakasa. Kesho nitapiga."

Tsehai alirudi jikoni akilia. Mama alimfuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwani.

"Umesema kweli, na shangazi yako kabaki. Hilo nashukuru," alisema mama. "Chakula tumekipika tena, mwanangu. Ahadi ya mzee wa watu hatuwezi kuipika tena. Ukionea haya chakula chetu, njoo uniambie mimi. Usimvunjie mtu alichomwahidi Mungu wake."