Kwa Nini Majani Yalirudishwa

Likizo ile, mama alichuma chai na mimi nikaipeleka kwenye kituo cha kununulia majani, hapa kwetu Kibugu. Alikuwa ameteguka mguu; aliweza kusimama akichuma, lakini si kupanda kilima na mzigo. Basi kubeba kukawa kazi yangu, na niliringa nayo kwelikweli.

Siku tatu mfululizo karani wa kituo, Mzee Njura, aliyarudisha majani yetu.

"Yameungua, Karimi. Ona yalivyo mekundu."

Nilikasirika. Mwaka uliotangulia aligombana na baba kuhusu mpaka wa shamba, nami nikaamua kwamba analipiza kisasi. Jioni nikaketi kuiandikia kamati ya kituo barua ya kumshtaki.

Shangazi Gatakaa, muuguzi wa zahanati, alinikuta nikiandika. Aliisoma, wala hakunikemea.

"Kwa barua hii mtu atapoteza kazi," alisema. "Mgonjwa akija kwangu, simpi dawa kabla ya kumuuliza maswali. Wewe umeona nini kwa macho yako?"

"Majani mekundu."

"Na hicho kisasi, umekiona?"

"Hicho nimedhani tu."

"Haya. Ni nini kimebadilika wiki hii?"

Nilitaka kujibu hakuna, kisha nikakumbuka. Mama alipobeba mwenyewe, alienda mara mbili, kila mara gunia likiwa nusu. Mimi, kwa uvivu wangu, niliyashindilia majani kwa miguu ili niende mara moja.

"Bado hujajua," shangazi akasema. "Jaribu."

Kesho yake mimi na shangazi tulibeba magunia mawili, moja nimelishindilia, jingine majani yamelegea. Kituoni niliingiza mkono. La kwanza lilikuwa na joto kali na majani yake yameanza kuwa mekundu, la pili baridi. Mzee Njura, bila kuambiwa lolote, alipokea la pili na kulirudisha la kwanza.

Nilimweleza yote, hata barua, huku nikilia.

"Hata mimi nimekosa," akasema. "Siku tatu nakataa majani, na sijauliza yanabebwaje. Asante kwa kuchunguza kabla ya kunihukumu, Karimi."

Njiani shangazi aliniambia, "Ukikasirika, jiulize kwa mpango: nimeona nini, nimedhani nini, nini kimebadilika, nitajaribuje? Ukiruka swali moja, utamwonea mtu."

Nilimshukuru, na bado namshukuru. Bila maswali yale, mzee asiye na kosa angefukuzwa kazi, na majani yetu yangeendelea kuungua.