Kiu ya Herufi

Karatasi ilikuwa imelowa mahali pamoja tu, pale lilipochapwa neno la mwisho.

Msanifu wa vitabu aliligusa, akanusa kidole. Maji ya kisima alimofia panya. Akajifuta kwenye suruali. Harufu ikagoma kutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hadithi ya kale ya jini wa kisimani. Huomba maji kwa kinywa cha mtu aliyempanda. Ukimpa, anamtoka yule na kukuhamia wewe. Kitabu cha zamani kiliipanga kwa mistari iliyobanana, herufi zote sawa kama askari gwarideni. Msanifu aliona huko ni kuizika. Penye mnong'ono akazifanya herufi ndogo kama chawa, penye kilio akazivimbisha, na maneno ya jini, "Nina kiu", akayatandaza ukurasa mzima, yakikua hadi kwenye u ya mwisho, nene, nyeusi, iliyoachama.

Kama kawaida yao, mkewe alimsomea rasimu kwa sauti, naye akifuatilia makosa.

"Hapa nipige ukelele, majirani waje na mafagio?" mkewe alicheka.

"Wewe zifuate herufi tu, bibie."

Akazifuata. Alipofika kwenye ile u mdomo ulifunguka, ukakataa kufumba. Harufu ilitangulia, kisha ute mweusi, mzito kama wino uliooza, ukamchuruzika kidevuni hadi kifuani, umebeba nywele ndefu zisizo zake, na mumewe, aliyewahi kumuuguza na kumwosha matapishi bila kukunja uso, safari hii alirudi nyuma mpaka ukutani, akaziba pua, na macho ya mkewe, yaliyokuwa bado ya mkewe, yakamwona.

Shangazi wa mke, mpunga majini, alipoitwa hakuketi hata kitini.

"Kwa herufi zako umempimia jini koo lake, ukamkabidhi mwenzio," alinong'ona. "Leta kile kitabu cha zamani. Soma kavukavu, kama unasoma risiti ya umeme. Mdomo kwa mdomo. Ukigeuza uso kabla ya neno la mwisho, hatoki."

Alisoma. Karibu na mwisho, kitu laini, baridi, kikamlamba mdomo wa chini. Alisoma hadi mwisho, lakini shingo ilikuwa imeshageuka.

Ute ukakoma. Mke akafumba mdomo, akalala.

"Hukugeuka?" shangazi aliuliza.

"Sikugeuka, shangazi."

Kesho yake mchana nyumba ilinukia sabuni. Rasimu zilikuwa majivu. Mkewe alikuwa jikoni, akikausha vyombo, amempa mgongo.

"Mume wangu," alisema, kwa sauti ndogo kama chawa. "Nina ki u u U."

Sauti ilikua vilevile alivyoipanga yeye, herufi kwa herufi. Mkewe aligeuka; kidevuni mwake tone jeusi lilining'inia.

Msanifu alijaza glasi. Maji yakamwagika kidogo sakafuni. Alimsogelea, akamtazama mdomoni bila kupepesa, akampa.

Mkewe alikunywa yote. Akavuta pumzi ndefu, safi, akainua uso kumshukuru mumewe.

Kisha akarudi nyuma, akaziba pua.