Jiwe la Esteri

Huku Kitanga muhogo unalowekwa kwenye pipa la maji kabla ya kuanikwa. Ukianza kuchacha unaelea, kwa hiyo unakandamizwa kwa jiwe. Jiwe la Esteri lilikuwa likimeguka na kumwaga mchanga kwenye muhogo, naye alikuwa mjamzito mwenye hamu ya ugali safi.

Mumewe, Venanti, anampenda mpaka majirani wanamcheka. Siku moja aliokota chuma kizito kwenye mtaro wa barabara mpya. Kilikuwa cha mviringo, kimefungwa vizuri, na kina alama ya njano. Akamletea mkewe kiwe jiwe la pipa. Lakini chuma kilibingirika juu ya muhogo, ndipo akachukua nyundo akipasue kikae sawa.

Safina, nesi wa zahanati, alikuwa amekuja kwao kufuata unga. Aliiona ile alama.

"Venanti, weka nyundo chini. Njooni wote huku kwangu."

Aliwapeleka mbali, mwisho wa migomba, akawaambia kuwa alama ile ni ya mionzi. Venanti akabisha: mbona chuma hakinuki wala hakina moto?

"Mionzi haionekani wala hainuki," alisema Safina. "Ikikupata nyingi unatapika, ngozi inababuka, na baadaye unaweza kupata saratani. Mtoto wa tumboni hudhurika kwa urahisi zaidi. Ungepasua, vumbi lake lingeingia kwenye maji na shamba."

Akawasimulia jinsi mtambo wa umeme wa nyuklia ulivyolipuka nchi ya mbali. Upepo ulibeba vumbi hadi malishoni. Ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na baadhi yao wakaugua saratani ya tezi ya shingoni. Watu wakahama, wakaacha nyumba na mazao. Hapo Esteri akalia, kwa sababu mama yake aliwahi kukimbia vita Burundi na kuacha nyumba.

Venanti alitazama mikono yake. "Nesi, nimemdhuru mwanangu?"

"Hujakipasua, baba. Tusikiguse tena. Tutoe taarifa."

Safina alipiga simu wilayani. Wataalamu walikuja na vipimo vyao, wakakuta chuma hakijavuja na maji ni salama. Wakakichukua. Siku hizi hata watoto wa Kitanga wanaijua ile alama. Wakiiona, hawagusi, wanakaa mbali na kuwaambia wakubwa.

Venanti alishuka mtoni, akachagua jiwe gumu, akalisugua kwa brashi mpaka halikutoa hata chembe ya mchanga. Mtoto alipozaliwa, mzima na mwenye kelele, Esteri alikula ugali wa muhogo uliolowekwa chini ya jiwe hilo. Alitafuna polepole, Venanti akimtazama usoni.

"Hauna mchanga," Esteri alisema.