Tawi Lenye Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni pale Kabambare, Emilienne alimwagilia maji mti wa kahawa nyuma ya nyumba. Marehemu mama yake alipanda miti miwili kutokana na mbegu. Sasa ulibaki mmoja. Ulichanua vizuri kila mwaka, lakini kwa miaka mitatu haukutoa hata tunda moja.

"Huu muti iko unakula udongo bure," alisema baba yake, Marcellin. "Nilikata mwenzake ili ushibe peke yake, na bado haina kitu. Noeli ikipita, nitaukata."

Roho ilimuuma Emilienne. Mti ule ndio kitu pekee cha mama yake kilichobaki uani. Njiani alizidi kuwaza. Ilipokuwa miwili, walivuna vikapu. Ulipobaki mmoja, hakuna. Kwa nini?

Shuleni alimuuliza Mwalimu Musafiri.

"Ndani ya ua kuna unga, unaitwa chavua," mwalimu alimjibu. "Nyuki anaupeleka kwa ua lingine, ndipo tunda linaanza. Lakini kawa, hii kahawa ya huku kwetu, haikubali chavua yake yenyewe. Inataka ya muti mwingine."

"Naweza kuileta mimi, Mwalimu?"

"Jaribu. Lakini tawi moja tu. Ukigusa yote, utajua namna gani kama ni wewe?"

Mvua za kwanza zilinyesha, na baada ya siku chache mti ukawa mweupe kwa maua. Emilienne alikimbia kwa Mama Léocadie, ng'ambo ya kilima, akaomba kishada cha maua ya kahawa yake. Aliporudi nyumbani, aliyasugua taratibu juu ya maua ya tawi moja, kisha akalifunga kitambaa chekundu. Matawi mengine hakuyagusa, ingawa alitamani.

Maua yakanyauka. Wiki zikapita, na kila asubuhi Emilienne alichungulia tawi lake bila kuona cha maana. Alianza kuogopa.

Siku mbili baada ya Noeli, Emilienne akiwa ndiyo kwanza ameona kitu kwenye tawi lake, baba alitoka na shoka. Emilienne alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye kitambaa.

"Baba, tazama kwanza."

Tawi lile lilijaa vitunda vya kijani, vidogo kama punje za mtama. Matawi mengine yote yalikuwa matupu. Emilienne akamweleza alivyofanya.

Baba alikitazama kisiki cha mti alioukata.

"Basi ni mimi niliuzuia kuzaa," alisema hatimaye. "Nilifikiri nausaidia. Mama yako alipanda miwili, na mimi sikuuliza sababu. Wewe, mutoto wangu, umeuliza. Kitu usichokijua, chunguza kwanza, mbele ya kushika shoka."

Aliweka shoka chini, akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo karibu na kisiki.

"Kesho nitaenda mwenyewe kwa Mama Léocadie," alisema. "Nitamuomba muche."