Kombe la Shekha

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu, na mwenye kutafuna aache. Haya yalimfika Mejumaa wa Kibokoni, shoga wa mwanangu, miaka ya tisini.

Yeye na binamuye Shekha walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa fizikia. Babu yao alisema atakayeshinda ndiye atakayekwenda Chuo Kikuu, mwengine aolewe. Shekha alikuwa hodari zaidi, na wivu ulimla Mejumaa maini. Shekha akaandikiwa kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa marashi, anywe akili ifunguke. Alipokwenda kusali, Mejumaa akalinywa yeye.

"Nani kaninywea kombe langu?"

"Paka, shoga. Sasa atapasi yeye."

Mchana ule wakafunga madirisha wafanye jaribio la mshumaa na lenzi. Mwali ukatua karatasini kichwa chini, kama kitabu kilivyosema. Shekha akauzima mshumaa. Gizani Mejumaa akasikia mtu akimeza, gudu, gudu, sikioni mwake, na mwali wa karatasini ungali unawaka.

Chuo Kikuu alikwenda Mejumaa. Lenzi ilibaki kwa Shekha. Karatasi ameirithi binti wa Mejumaa, mwali ungali unawaka juu yake, naye kila usiku huizamisha mtungini auzime, na kila asubuhi maji ya mtungi huwa moto.