Athanasie na Viazi Vitamu vya Mama

Kila alasiri Athanasie alipotoka shule, alipanda kilima cha mtaa wao wa Gikondo akipita mbele ya magereji na maghala mpaka nyumbani kwao. Alivua sare, akateka maji, akamchukua mdogo wake Aimable kwa jirani, kisha akawasha makaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi zote hizo alizifanya bila kunung'unika. Baba yake, Karangwa, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, naye hakurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na oveni. Karangwa aliitengeneza kwa pipa tupu: makaa yalikaa chini, rafu ya nondo katikati, na mbele akaweka mlango wa bati. Alimtengenezea mkewe, Mukandekezi. Kila Jumapili baada ya misa, Mukandekezi alioka humo chipsi za viazi vitamu zilizokolea kitunguu saumu na pilipili manga, na wapita njia waligeuza shingo kutafuta harufu ile ilikotoka.

Lakini huo ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1991, na Mukandekezi hakuwepo. Tangu Novemba alikuwa Butare, mji wa mbali kusini mwa nchi, akisomea ukunga, na masomo yangemalizika Julai. Kwa sababu ya vita vya kaskazini mwa nchi, barabarani kulikuwa na vizuizi vingi, na wanafunzi waliombwa wasisafiri ila kwa jambo la lazima. Miezi minne ilikuwa imepita bila yeye kufika nyumbani.

Aimable alikuwa na miaka mitano, na hakuelewa habari za vizuizi. Kila asubuhi aliuliza kama Mama anakuja leo. Jioni alikaa mbele ya sahani ya maharage na ugali, akala matonge mawili, akasukuma sahani. Alitaka chipsi za Mama. Mikono yake ilianza kuwa myembamba, na jirani aliyekuwa akimtunza mchana alisema mtoto huyo hachezi tena na wenzake.

Athanasie naye alimkumbuka sana Mama, ila yeye alikuwa mkubwa na hakuna aliyemuuliza. Wakati mwingine alifungua sanduku la nguo, akauweka uso wake kwenye kitenge cha Mama, akavuta harufu ya sabuni iliyokuwa ikififia kila wiki. Kisha alilifunga haraka kabla Aimable hajamwona.

Akaamua kuoka chipsi mwenyewe. Alimenya viazi, akavikata, akavimwagia mafuta na chumvi, akavirundika vyote kwenye trei na kuisukuma ndani ya oveni. Mara ya kwanza zilitoka laini, zimeshikana kama uji mzito. Mara ya pili aliongeza makaa, zikaungua nje na kubaki mbichi ndani. Aimable alionja moja, akaitema mkononi, akasema hii si ya Mama. Baba alikula zilizobaki, akamshukuru binti yake.

Jumapili hiyo Athanasie alimwandikia Mama barua. Aliandika kwamba yeye anafanya vizuri darasani, na hilo lilikuwa kweli. Halafu kalamu ikasimama. Akamwona Mama akisoma barua peke yake bwenini, akilia. Basi akaandika: "Chipsi zangu sasa ni tamu kama zako. Aimable anamaliza sahani yake na ananenepa. Usiwe na wasiwasi nasi." Akaifunga barua, akampelekea Benon, dereva aliyeendesha basi dogo la Butare na kuwabebea watu barua zao.

Jibu lilikuja Jumapili iliyofuata, Baba akiwa nyumbani. Athanasie alimsomea Baba kwa sauti, wakiwa wamekaa kizingitini. Mama alisema kwamba barua ile ilikuwa imempa usingizi mzuri kuliko siku zote. Kisha akaeleza kwamba walimu wake walimchagua abaki miezi mitatu zaidi, mpaka Oktoba, ajifunze kuwatunza watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Mwanzoni alitaka kukataa kwa ajili ya Aimable. "Lakini ukiniambia kwamba anamaliza sahani, moyo wangu unatulia," aliandika. "Nitawajibu walimu kwamba nakubali."

Athanasie aliishusha barua mapajani. Baba alimtazama Aimable, aliyekuwa amelala mkekani mchana kweupe, mbavu zake zikihesabika.

"Nani alimwambia kwamba anamaliza sahani?" aliuliza taratibu.

"Mimi, Baba. Sikutaka alie."

Alisubiri kukemewa. Lakini Baba alikiri kwamba hata yeye, katika barua zake, aliandika habari za gereji na mvua tu, kwa sababu hiyo hiyo. Kisha akaingia ndani, akaleta karatasi mbili, moja yake na moja ya binti yake.

Kuandika ukweli kulikuwa kugumu zaidi. Athanasie alieleza jinsi chipsi zilivyomshinda, jinsi Aimable alivyokonda, na jinsi yeye mwenyewe anavyofungua sanduku la nguo. Akaomba msamaha. Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akakimbia mpaka stendi, kwa kuwa Benon aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Alimkuta amekwisha kuwasha injini. Akampa barua zote mbili kupitia dirishani, akarudi akihema, akiwaza kama zitafika kabla Mama hajawajibu walimu wake.

Siku zikapita. Kila basi la Butare lilipoonekana barabarani, Athanasie alisimamisha kazi na kuliangalia mpaka lipite. Siku ya kumi na moja Benon alileta bahasha. Barua zilikuwa zimemkuta Mama siku moja kabla ya kutoa jibu. Alisema kwamba amelia, lakini ni heri kulia kwa jambo la kweli. Ameomba ruhusa ya siku tatu, atafika Jumamosi. Na kabla hajafika, aliandika, Athanasie ajaribu hivi: aloweke viazi katika maji ya baridi kwa nusu saa, avikaushe kwa kitambaa mpaka vikauke kabisa, avinyunyizie unga wa muhogo kidogo, kisha mafuta na viungo. Avipange kwenye trei bila kugusana. Avigeuze mara moja tu. Chumvi mwishoni.

Athanasie alifuata kila neno. Alipotoa trei, chipsi zilikuwa za rangi ya dhahabu, kingo zake zimekakamaa. Aimable alisogea bila kuitwa. Alikula moja, akala ya pili, akaomba nyingine. Baba aligeukia ukutani kana kwamba anatafuta kitu.

Jumamosi Mukandekezi alifika. Alimbeba Aimable mgongoni siku nzima, akampikia, akampeleka zahanati, ambako walisema hana ugonjwa bali anahitaji kula na kuchangamshwa. Jumatatu kabla ya kuondoka aliwaeleza uamuzi wake. Miezi ile mitatu angeiomba mwaka ujao; Julai angerudi nyumbani.

Athanasie alimsindikiza stendi. Akamuuliza kama amemharibia masomo.

"Hujaniharibia kitu," alisema Mama. "Ulitaka kunilinda, na hilo ni jambo zuri. Lakini mtu wa mbali anaona kwa macho ya wale waliobaki nyumbani. Ukiniandikia uongo, umenifumba macho, nami nitakosea njia. Niambie kama ilivyo, hata ikiniuma. Nikijua, nitaweza kusaidia."

Benon alipiga honi. Athanasie, ambaye miezi yote hiyo hakuwa amelia mbele ya mtu, alimshika Mama kiunoni.

"Nakukumbuka kila siku, Mama," alisema. "Kila siku."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," Mama akajibu, akamkumbatia mpaka dereva alipowaita tena.